Uchambuzi wa kisa: milango ya nyuma ya kempa iliyojengwa nyumbani Nakuru

Kisa hiki ni cha gari moja na milango yake miwili ya nyuma, basi. Nimeamua kukiandika chote juu watu wengi sai wanajenga kempa, gari la kulala ndani ukisafiri, wenyewe nyumbani, na wakinipigia simu wanauliza kitanda, wanauliza sola, wanauliza friji inakula umeme kiasi gani, mlango hakuna anauliza mpaka siku umeanza kuvuja. Mwenye gari ameniruhusu kuandika. Jina lake nimetoa, namba ya gari, mtaa na majina ya mafundi pia nimetoa, lakini vipimo nimeviacha venye viko kwa daftari yangu ya kazi.

Mimi ni fundi wa bodi, niko jua kali hapa Nakuru. Milango ya lori na ya gereji nimefunga mingi sana, na hii miwili ndio ilinifundisha zaidi ya yote.

## Gari lilikotoka

Ni Canter kuukuu, lori dogo la bodi ya boksi, ilikuwa inasambaza mkate. Aliyeinunua ni mwalimu mstaafu, nitamuita mwalimu tu. Yeye na mkewe walikuwa wanataka kuzunguka wakiwa bado na nguvu, leo walale Bogoria, kesho Baringo, na wakienda kuona wajukuu Kisumu wasisumbue mtu na mambo ya kutandikiwa.

Kabla ashike hata grinda alifuata makaratasi, na hapo nampa heko. Kubadilisha bodi ya gari kutoka ya mzigo kuwa kitu kingine lazima NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, wajue, gari likaguliwe na logbook ibadilishwe, na watu wa bima pia waambiwe. Wengi hukata kwanza alafu ndio wanaanza kuuliza kibali.

Ndani alijenga mwenyewe polepole: kuta za plaiwudi, nyuma yake ile sponji nyeupe ya kufungia TV ikitoka dukani ya kuzuia joto na baridi, kitanda cha kuvuka kwa upana karibu na mlango, tanki la maji la lita 120 chini ya kitanda upande wa kushoto, betri mbili za sola hapo hapo kushoto, na meko ya kilo 6. Huo upande wa kushoto uuweke akilini.

Milango ya mkate ilikuwa miwili, myepesi, na komeo za lori zile bomba ndefu zenye mkono wa kuzungusha, zote ziko nje. Ukiwa ndani na mtu afunge huko nje, hakuna kitu unaweza kufanya. Na boksi halikuwa na njia ya kupita kwenda mbele kwa dereva. Kwa mkate hio haina shida, kwa watu wawili wamelala na mtungi wa gesi ni shida kubwa sana, na kusema ukweli hakuna mtu aliliona hilo mwanzoni, si mwalimu, si fundi wa kwanza, na mimi gari liliponifikia pia sikuliona siku hio.

Fundi wa kwanza alitoa ile milango akatengeneza mipya. Fremu ya skwea tubu, bomba la chuma la pembe nne, milimita 40 kwa 40, bati la milimita 1.5 nje, plaiwudi ndani, dirisha dogo kila mlango. Mlango wa kulia akaufungia tairi la spea, wa kushoto akaweka kikapu cha jerikeni ya lita 20. Kwa macho ilikuwa kazi safi, mistari imenyooka, rangi imeshika vizuri. Komeo za nje akarudisha zile zile za zamani.

## Safari ya kwanza, mitihani mitatu

Walitoka Nakuru kwenda Kisumu, njia ya Mau Summit na Kericho, ni chini ya kilomita 200 lakini kwa mlango hio njia ina kila kitu.

Vumbi lilikuja kwanza. Walianza kwa kupanda Menengai waone shimo, ile barabara ya murram. Wakafungua nyuma wakapata kitanda kimekuwa rangi ya unga wa wimbi, mpaka ndani ya masufuria yaliyokuwa yamefunikwa. Mama, mkewe mwalimu, akakung'uta mablanketi pale pale juu kwa upepo.

Alafu mvua. Kericho mchana mvua hunyesha karibu kila siku, ndio majani chai yanapenda huko. Maji yaliingia kwa kona ya juu ya mlango wa kushoto, yakateremka ndani ya plaiwudi, yakatokea chini kwa godoro. Mwalimu alisimama kando ya barabara akaweka taulo kwa mwanya, na akaona kitu kingine: mlango wa kulia ulikuwa umelala, kona yake ya chini inasugua fremu, rangi imetoka, chuma kinang'aa.

Kutoka Kericho kuteremka Ahero mama alikuwa amechoka akaenda kulala nyuma. Walipofika Kisumu kichwa kilikuwa kinamuuma na anataka kutapika. Walisema ni joto, juu ukitoka milimani ukishuka bonde la Ahero joto linakupiga ghafla. Usiku wakalala karibu na ufuo, upande wa Dunga, wakawasha taa ndani, na wale wadudu wa ziwa wanaopanda juu ya maji kama moshi wakaingia kwa ule ule mwanya wa milango mpaka taa ikawa haionekani. Na mbu pia. Walizima taa, na mwalimu alipotaka kutoka nje akakuta mlango haufunguki: alikuwa ameuvuta kutoka ndani kwa kamba, umejikwama kwa fremu. Alisukuma kwa bega dakika kadhaa mpaka ukaachia.

Hio ndio stori mama alinipa siku gari lililetwa kwangu. Mwalimu alikuwa anaongea mambo ya vumbi na maji, yeye akamkatiza akaniambia, "Fundi, vumbi nitapanguza. Mimi nataka nikiamka usiku, giza, macho bado imefungwa, mkono wangu upate mlango na mlango ufunguke." Niliandika hayo maneno kwa daftari, na baadaye ndio yaliamua kila kitu.

## Mara mbili nilirekebisha, mara mbili ikarudi

Marekebisho ya kwanza nilifanya haraka. Nilikaza bawaba, nikajaza silikoni kwa kona ya juu, nikabandika raba ya sponji ile ya gundi kuzunguka fremu yote. Mwanya wa mlango ulikuwa milimita 3 peke yake, raba ina unene wa milimita 10. Mlango ukakataa kufunga, tukaulazimisha na komeo, ule mkono wa bomba una nguvu sana, ukafunga. Niliona umefunga nikafurahi. Nilichokuwa nimefanya ni kuipinda fremu ya mlango katikati kama upinde, juu na chini imeshikwa na komeo, katikati imesukumwa nje na raba. Baada ya wiki mbili mwanya wa katikati ulikuwa unaingiza kidole.

Mara ya pili nikachukua grinda. Kona inayosugua nikaikata milimita 5, nikapaka praima na rangi. Siku hio ilifunga vizuri ajabu, kidole kimoja tu. Mwalimu akajaza maji kwa tanki, akapakia, akaenda Elementaita siku mbili, akarudi: sasa kona niliyokata ina mwanya mkubwa na mlango unasugua upande mwingine.

Hapo nikakaa chini. Mlango haukuwa umebadilika, nilikuwa naujua kwa milimita. Kama mlango ni ule ule na unasugua mahali pengine, basi kilichosonga ni shimo lenyewe, fremu ya boksi.

## Kipimo kilichofungua macho

Nilimwambia mwalimu alete gari lote na mzigo wake wote, asitoe kitu. Nikapima shimo la milango kwa tepu, kona kwa kona, pande zote mbili. Upana ni milimita 1,700, kimo 1,850. Kama shimo liko skwea, kona kwa kona lazima iwe 2,512 na kidogo pande zote. Nilipata 2,519 upande mmoja na 2,506 upande wa pili. Tofauti ya milimita 13. Ukipiga hesabu, maana yake juu ya boksi imelala kando karibu milimita 10 ukilinganisha na chini.

Tukatoa maji, betri na godoro, tukasimamisha gari kwa slabu, nikapima tena: 2,514 na 2,511. Tofauti ya 3 tu. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshika mwisho wa tepu, akasoma hio namba mara mbili, alafu akasema polepole, "Kumbe ni maji."

Ilikuwa maji, na betri, na milango yenyewe. Lita 120 ni kilo 120, zote kushoto, zote nyuma kabisa, na juu yake betri. Boksi la mkate limejengwa mzigo ulale sawa kwa sakafu nzima. Nyuma halina ukuta wa kulishikilia, ni shimo, kwa hivyo hapo ndio linapinda kwanza. Juu ya hilo, milango ilitengenezwa na kufungwa gari likiwa tupu tena tairi moja likiwa kwa jeki, mwalimu alinithibitishia. Kwa hivyo milango ilikuwa inatoshea gari ambalo halikuwepo tena siku wakiondoka.

## Uamuzi na sababu zake

Mwalimu alikuwa na njia tatu na tulizizungumza tukiwa tumekaa kwa mbao pale karakana, mama pia alikuwepo. Ya kwanza, kurudisha milango ya mkate. Nyepesi, lakini haifunguki kutoka ndani. Ya pili, kutoa milango miwili tuweke mmoja mkubwa wa kuinua juu kama wa matatu. Unakupa kivuli ukipika nje, hio nakubali ni raha, lakini kwa kimo hicho mama hangeweza kuuinua usiku akiwa amelala, na zile shokapu za gesi zinazoushikilia zikichoka mlango unashuka kwa kichwa cha mtu. Tukabaki na ya tatu: milango miwili ile ile, ivuliwe, ipunguzwe uzito, ijengewe fremu isiyopinda, na ifungwe upya gari likiwa limebeba.

Kwa uzito niliandika hivi. Mlango mmoja ni kama mita 0.85 kwa 1.85. Bati la milimita 1.5 ni karibu kilo 12 kwa mita moja ya mraba, kwa hivyo ngozi ya nje peke yake ni kilo 18 na nusu. Fremu ya tubu na mikono yake miwili ya kati, karibu kilo 17. Plaiwudi kilo 8 au 9. Jumla kilo 44 kabla ya dirisha. Alafu spea, kilo 35, imening'inia katikati ya mlango, mbali na bawaba. Bawaba ya juu kabisa na ya chini kabisa zilikuwa mita 1.4 mbali, na bila spea ile ya juu inavutwa nje kama kwa kilo 13. Weka spea, inakuwa karibu 25. Hapo gari limesimama tu, bado halijapiga tuta.

Spea ikashuka chini ya chasisi. Jerikeni ikaenda mbele. Bati likawa la milimita 1, tubu ikawa 30 kwa 30 lakini kwa kona kila moja tukaweka pembe tatu ya bati. Tanki tukalivuta katikati, mbele ya ekseli ya nyuma, na betri zikahamia kulia.

## Kazi yenyewe

Kwanza fremu ya shimo. Tulichomelea pembe tatu za chuma kwa kona nne za boksi kutoka ndani, na boriti ya tubu kwa juu kutoka ukuta mpaka ukuta. Kabla ya kuchoma tukang'oa waya wa betri ya gari na zile za sola, na ardhi ya welda tukaishika karibu na mahali pa kuchoma, juu umeme wa welda ukitafuta njia ndefu utapita kwa vitu vya umeme.

Hapo ndio tulikaribia kuunguza gari. Plaiwudi tulikuwa tumeitoa sentimita 30 tu kutoka kwa kona, nikaona inatosha. Nilipiga doti ya nne, doti ni tone moja dogo la kuchomelea, kona ya juu kushoto, na kijana aliyekuwa ndani akapiga kelele. Ile sponji nyeupe ilikuwa imeanza kuyeyuka nyuma ya plaiwudi mahali hatuoni, inashuka kama mshumaa, moshi mweusi, mzito, unachoma koo. Alikuwa na beseni la maji akalimwaga lote kwa mwanya, nikatupa mkono wa welda nikatoa plaiwudi kwa mtaimbo. Ilikuwa imeisha kipande cha kama sentimita 40. Kama hangekuwa mtu ndani ningejua moto ukishatoka nje. Baada ya hapo tulitoa plaiwudi na sponji mita nzima kila upande, gunia bichi nyuma ya kila mahali pa kuchoma, ndoo mbili, na mtu mmoja ndani ambaye kazi yake ni kuangalia peke yake, hashiki kitu kingine.

Siku ya kufunga milango tulijaza tanki lote, tukaweka magunia matatu ya mchanga kwa kitanda mahali pa watu wawili na vitu vyao, mwalimu akazungusha gari mtaani ili springi zikae. Tukasimamisha kwa slabu, tukahakikisha kwa mpira wa maji, ule mpira mwangavu wa mafundi wa nyumba, kushoto na kulia sawa. Hakuna jeki. Gari limesimama kwa miguu yake.

Mlango tuliuegemeza kwa shimo ukiwa umeshikwa pande zote na vipande vya plaiwudi ya milimita 6, viwili kila upande, ili mwanya uwe sawa kuzunguka. Kwa kina pia tukaweka vipande, milimita 9, kwa sababu raba niliyonunua ni ile yenye bomba ndani, milimita 14, na inataka kubanwa kama theluthi moja. Raba haijawekwa bado, lakini nafasi yake imeshapimwa. Hilo ndilo sikufanya mara ya kwanza.

Bawaba ni za bomba zenye pini ya kutoa, tatu kila mlango. Tukatoa pini zote, tukapitisha nondo nyororo ya milimita 12, moja, ndefu, kutoka bawaba ya juu mpaka ya chini kupitia ya katikati. Nondo ikiwa imenyooka, bawaba zote tatu ziko kwa mstari mmoja, haziwezi kudanganya. Tukapiga doti moja juu, moja chini, moja katikati, tukaacha ipoe, tukarudi upande wa pili, hivyo hivyo kidogo kidogo, juu ukichoma mfululizo chuma kinavuta na bawaba inaondoka mstarini ukiiangalia. Kila baada ya doti chache kijana anazungusha nondo kwa mkono. Ikianza kuwa ngumu tunasimama. Mara mbili ilikaza, tukakata doti tukarudia.

Ilitoka asubuhi mpaka saa kumi jioni, milango miwili. Tulipotoa nondo tukarudisha pini, vipande vya plaiwudi tukavivuta kimoja kimoja, mlango wa kulia ukabaki palepale, haukushuka. Nikausukuma kwa kidole ukaenda mpaka nje, ukasimama mahali nimeuacha. Pini tukazipiga doti mwishoni mtu asizitoe kutoka nje.

Kitasa ndio kilikuwa cha mama. Komeo za bomba tulizitoa zote, hata masikio ya kufuli ya nje tukakata, ili hakuna mtu anaweza kufunga watu ndani kwa makusudi ama kwa kusahau. Tukaweka kitasa cha katikati chenye fimbo mbili, moja inapanda juu nyingine inashuka chini, nje ni ufunguo, ndani ni mkono mkubwa wa kushusha ambao ufunguo hauuzuii. Mkono uko kimo cha mtu aliyeketi kitandani. Mama alilala kitandani pale karakana, akafunga macho, akatuambia tuhesabu. Alifungua tukiwa tumehesabu mpaka nne. Akarudia mara tatu, mara ya mwisho akatumia mkono wa kushoto.

Mengine nayapitia haraka. Ulimi wa bati kwa mlango wa kulia unaofunika mwanya wa katikati. Mfereji mdogo juu ya milango wa kupeleka maji kando. Matundu mawili ya maji chini ya kila mlango. Taa na plate zikabaki kwa fremu, si kwa mlango, ili mlango ukiwa wazi bado zionekane. Ndoano za kushikilia milango wazi, upepo wa Elementaita ulikuwa umeshambamizia mwalimu mlango mkononi. Tundu la gesi kwa sakafu karibu na meko, juu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini.

## Kichwa cha mama

Hii nimeipa nafasi yake peke yake. Boksi likitembea linapasua hewa, na nyuma yake kunabaki mahali hewa ni nyepesi. Hapo ndio vumbi linazunguka na kupanda, na moshi wa gari pia. Kama mlango una mwanya, boksi linavuta hicho kitu ndani kama pampu. Ekzosi ya gari hili ilikuwa inaishia chini ya bodi kabla ya bampa, inaelekea nyuma. Tulipotoa milango ya zamani, ukingo wa ndani wa plaiwudi ulikuwa mweusi, ukipitisha kidole kinatoka na masizi. Mama alikuwa amelala sentimita chache kutoka hapo, Kericho mpaka Ahero.

Dizeli inatoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko petroli, lakini inatoa, na hio gesi haina harufu wala rangi, na dalili zake za mwanzo ni hizo hizo: kichwa, kichefuchefu, uchovu. Siwezi kusema ndio ilikuwa, nasema kila kitu kilikuwepo cha kuifanya iwe. Ekzosi tuliirefusha mpaka kupita bodi, ikatokea kulia. Juu mbele tukaweka tundu la hewa linaloangalia mbele, lenye sponji ya kuchuja, gari likitembea hewa inaingia kwa nguvu kutoka mbele na kusukuma nje kwa kila mwanya badala ya kuvuta. Mwana wao akanunua kengele ndogo ya kugundua hio gesi. Na hakuna mtu anapanda nyuma gari likitembea, hilo mwalimu aliliamua mwenyewe.

## Matokeo

Tulipima shimo tena likiwa limebeba: tofauti ya kona kwa kona ni milimita 4. Tukapandisha tairi moja la nyuma kwa mbao ya sentimita 10, ikawa 6, na milango yote miwili ikafunguka ikafunga.

Usiku tuliwasha tochi ndani tukazunguka nje kutafuta mwanga. Tuliona mstari mwembamba kona moja ya chini. Tukapaka chaki kwa ukingo wa fremu, tukafunga, tukafungua: raba ilikuwa na alama nyeupe kuzunguka kote isipokuwa hapo kwa kona, kama sentimita 7. Tukaongeza kipande chini ya raba.

Alafu walirudia njia ile ile, kwa makusudi. Menengai, vumbi likabaki nje isipokuwa mstari kama wa penseli chini katikati, mahali milango miwili inakutana na sakafu. Kericho mvua iliwanyeshea saa nzima, godoro kavu. Kisumu walilala pale pale na taa imewaka, na mama alinipigia simu saa tatu usiku, "Fundi, wadudu wako nje wote, nawaona kwa dirisha."

## Nikiangalia nyuma

Kilichofanya kazi zaidi ni kupima kona kwa kona gari likiwa limebeba. Inachukua dakika tano na tepu. Kama ningeifanya siku ya kwanza, mwalimu hangelipa mara mbili kazi ambayo haikusaidia, na hizo pesa nilimrudishia kwa kupunguza ya mwisho. Nondo kwa bawaba na ule mwanya wa raba uliopimwa kabla ni vitu vya pili.

Kilichoharibika kiliharibika kwa sababu moja: mimi na fundi wa kwanza tuliangalia mlango kama mlango. Yeye aliutengeneza mzito akidhani uzito ni nguvu, na simlaumu sana, aliambiwa tu atengeneze milango imara. Mimi niliukata na kuujaza. Komeo lenye nguvu lilinidanganya, juu lilifunga kitu ambacho hakikutaka kufunga. Sai mlango ukihitaji kulazimishwa siulazimishi na komeo, narudi kwa mwanya. Na moto, hapo nilikuwa na haraka, sentimita 30 nilizipima kwa macho.

Ule mstari wa penseli bado uko. Nimejaribu ulimi wa raba wa kufagia sakafu, ulitoka baada ya mwezi juu miguu inaukanyaga wakishuka. Sai natengeneza kizingiti cha aluminiamu chenye mfereji, raba ikae ndani yake chini ya kimo cha mguu. Mwalimu ataleta gari wiki ijayo, na nimemwambia aje na maji yote kwa tanki.